Chuma cha Chapati

Salha amekaanga udongo kwenye chuma changu cha chapati.
Natoka kwa Mdoe kudai jembe langu,
nakuta jiko linawaka, moshi unanukia mvua,
na mtoto anageuza ardhi kwa mwiko
kama anakaanga bisi.

"Mama, mwalimu kasema tuue vijidudu vyote,
halafu tupande, tuone."
Tuone nini? Chuma hicho nilikipata kwa upatu,
zamu ya tisa, nikiwa na mimba yako.

Makopo mawili, dirishani.
Moja lina udongo mbichi wa shamba la chini,
ule mweusi wa kando ya mtaro.
La pili lina uliokaangwa, umepauka,
mwepesi kama unga wa muhogo uliokaa.
Punje nne kila kopo, mahindi yetu wenyewe
niliyoyaning'iniza juu ya meko tangu Julai.

Hapa ni Muheza, ng'ambo ya reli.
Shamba la juu lililimwa mkonge
mpaka ardhi ikachoka kuitika.
Babu yake mume wangu alijaza kadi ya kipande humo;
kampuni ikaondoka, ikatuachia visiki.
Masika nilipanda, nikarudia kupanda,
mbegu zikaoza kabla hazijatoa ncha.
Bwana shamba akaja na pikipiki, akachota kijiko kimoja
cha udongo wa chini, akasema
humu mna roho nyingi kuliko watu wa Tanga nzima.
Nilicheka. Roho zote hizo,
na hakuna hata moja ya kunipalilia?

Siku ya kwanza punje inakunywa, haina haraka.
Siku ya pili ngozi inalegea,
utamu unavuja, kidogo, kidogo tu,
kama harufu ya ubwabwa inavyoruka ua wa makuti.
Basi! Shughuli haina kadi.
Wanaamka waliolala tangu kiangazi,
wanakuja kwa maelfu, hawana macho, hawana hodi,
wengine kula na kuondoka,
wengine na sumu mfukoni.
Lakini waliotangulia mkekani
wamebanana bega kwa bega,
mwovu akija hapati pa kuweka goti.
Na kuvu wametandaza nyuzi, nyembamba kushinda unywele wa kichanga,
kwenda mbali ambako mzizi haujafika.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nami nilidhani ni methali ya watu.

Siku ya tano, kopo la kukaangwa ndilo likatangulia kuota.
Salha akaruka. Mimi kimya.
Siku ya tisa ukaja ukungu mweupe,
sijui kwa hewa, sijui kwa kucha za mtoto,
ukakuta nyumba nzima wazi,
hakuna wa kuuliza, nani wewe?
Miche miwili ikavunjika shingo.
Wa tatu ukageuka njano.
Wa nne,
wa nne ulisimama.

Salha akaandika kwenye daftari: mmoja, sijui kwa nini.
Nikamkuta mwalimu wake, Bi Mntambo, sokoni,
anachagua fungu la dagaa.
Akasema mbegu nayo ina wake ndani,
iliopewa na hindi, hindi likapewa na bua,
bua likapewa na udongo ule ule wa kando ya mtaro.
Huwezi kukaanga kila kitu, mama Salha.

Nikasahau chenji.

Jana nimepandisha ndoo saba za udongo mweusi
hadi shamba la juu; konzi moja kila shimo,
punje mbili juu yake, nikafukia kwa unyayo.
Mdoe kaegemea jembe langu, bado hajalirudisha:
"Jirani, unapeleka udongo udongoni?"
Ndiyo, napeleka.

Chuma nimekisugua kwa mchanga, kwa limao, kwa majivu.
Chapati za kwanza zilikuwa na chembe, zinalia menoni.
Salha amekula tatu.