Mkono wa Pili

Wakili wa serikali ana sauti ya kubembelezea mtoto.
Anauliza: Bi Mwanamkasi, alikusukuma kabla ya kuishika baiskeli
au baada?
Nami nilidhani nimeitwa kueleza habari za baiskeli.

Basi nieleze.
Ilikuwa imeegemea ukuta wa kibaraza changu,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
kikapuni mna sare tatu za shule sijazitia vifungo.
Nilikuwa ndani natafuta mkasi.
Hapo, mheshimiwa, angeondoka nayo
ungekuwa wizi.
Ningetoka nikaukuta ukuta,
ningewasema majirani, ningelia kidogo,
na jina lake nisingelijua hadi leo.
Wizi hauna haja na mwenye mali.
Hufanywa na mtu mmoja.

Lakini mkasi niliuona upesi.

Nilitoka ameshakanyaga pedali.
Nikashika keria
kwa mikono yote, kama mtu anayevutana na upepo kwenye kamba ya nguo.
Akageuka. Kiganja chake kikanipata hapa, chini ya bega,
nami nikauangukia mkono wa kushonea.

Karani anaandika.
Hakimu anafafanua taratibu, kama anayepima kitambaa cha mteja mgumu:
kuchukua cha mtu bila ridhaa yake, bila haki, bila nia ya kurudisha, ni wizi;
ukitia nguvu, au ukitishia kuitia,
kabla kidogo, papo hapo, au punde baadaye,
ili ukipate, au usipokonywe ulichokwisha kukipata,
hapo jina linabadilika
na miaka inabadilika.
Nalitazama lile neno mdomoni mwake. Unyang'anyi.
Hata kulitamka, ulimi unavutana na kitu.
Kuiba kunateleza tu.

Kizimbani Mbaruku Shekue amevaa shati jeupe.
Naijua ile kola.
Mshono wa mara mbili, uzi rangi ya maziwa kwa kuwa mweupe uliniishia,
mwaka wake wa kidato cha nne.
Mama yake alilipa kwa mafungu.
La mwisho bado.

Sasa anasimama wakili wake:
Je, si kweli kijana aliogopa tu?
Alikusukuma ajiokoe, si ili aondoke na baiskeli?
Kile kiganja kilitaka nini, Bi Mwanamkasi?

Mimi ni fundi nguo.
Najua bega la mtu lina inchi ngapi, lakini linataka nini sijui.
Ningeweza kusema hivyo, sijui,
na ingekuwa kweli, na pengine ingemtosha.
Lakini nilikuwa chini, shavu mchangani, naona vizuri kuliko aliyesimama:
mkono mmoja ulinisukuma.
Wa pili haukuachia usukani.

Nikasema.
Hakimu akapiga mstari chini ya kitu.
Mama yake, benchi la nyuma, alikuwa anahesabu vidole vyake.

Nimerudi kwa miguu. Baiskeli bado ni kielelezo,
imefungwa kikaratasi kwenye breki, kama mgonjwa wa wodini.
Kifundo kinauma nikizungusha gurudumu la cherehani
na kila kikiuma nafikiri:
ningekawia kuuona mkasi, angekuwa mwizi.
Unyang'anyi hutaka watu wawili,
mmoja wa kuvuta,
na mwingine asiyekubali kuachia.