Mate Kichupani

Thureya alikiagiza kwa posta, kisanduku cheupe,
ndani kichupa chenye mstari: jaza hadi hapa.
Usile nusu saa. Usisukutue. Tema.
Nikasimama jikoni, Februari,
theluji imekuwa uji kwenye kilima cha Spital,
na mate yakagoma
kama mtoto aliyeambiwa aimbe mbele ya wageni.
Nikawaza ndimu. Yakaja.

Mama, uliponitemea utosini siku naondoka
hukupima mstari.
Ulitema kwa dua, yakanikaukia nyweleni.
Haya yangu yametiwa kifuniko, yakapewa namba,
yakaenda maabara nisikokujua
kuulizwa: huyu ni nani, na ameze nini?

Wiki sita. Kisha kurasa thelathini na moja.
Herufi nne tu, A na T na C na G,
wamenisoma kwazo toka alifu hadi mwisho.
Kijani: sawa. Manjano: angalia. Nyekundu: nunua.
Wanasema mwili wangu huishughulikia folati kwa uvivu.
Wanasema jua halinitoshi,
jambo ambalo jirani yangu Bi Entwistle angeniambia bure,
anionavyo na masweta mawili mwezi wa Juni.
Na chini ya kila ukurasa, chupa. Chini ya chupa, bei.

Nikanunua. Mfa maji hukamata maji.
Magnesi, zinki, mafuta ya samaki,
na bizari, Mama, bizari ile ile ya mchuzi,
imefungwa kwenye vidonge, pauni kumi na tisa!
Zikajipanga dirishani chupa kumi na moja,
na vidole vyangu haviwezi kuzifungua:
vifuniko vimeundwa mtoto asifungue.
Humwita mjukuu wangu, Shaweji, miaka sita,
anifungulie.

Ukurasa wa ishirini na nane, maandishi ya sisimizi:
matokeo haya yametokana zaidi na watu wa asili ya Ulaya;
kwa asili yako, data haitoshi.
Haitoshi. Nililisoma mara tatu.
Yaani wamenipima kwa pishi ya mwenzangu.

Jumanne nikazitia zote kwenye mfuko wa sokoni,
nikazimwaga mezani kwa Nesi Oldroyd, kliniki ya baridi yabisi.
Akazisoma moja moja, miwani puani.
Hii haina ubaya. Hii ni mkojo wa bei ghali.
Hii iache, ini lako lina kazi tayari.
Na folati unayo, mpenzi, usiongeze bila kuniuliza:
Jumatatu dawa, Ijumaa folati.
Nikacheka. Kumbe hata huku
Ijumaa imepewa baraka yake.

Akafungua kompyuta, damu yangu ya wiki iliyopita.
Chuma kimeshuka. Wewe hunywa chai?
Chai! Nusura niape.
Ya rangi, na mlo, kabla ya mlo, kuuteremsha mlo.
Itenge, akasema. Ipe saa nzima.
Mji huu umefua chuma mpaka mito ikabadilika rangi,
nami ndani yake nimepungukiwa chuma,
huenda kwa kikombe tu.

Herufi hazikuniambia hilo. Wala sizitukani.
Ukurasa mmoja nimeukata, nimeuweka kwenye msahafu:
viungo, uwezekano wa kurithi, alama nyekundu.
Hapo niliviona vidole vyako, vimepinda kama tangawizi,
ukikanda unga, na watu wakisema
ni uzee, ni upepo mbaya, ni husuda.
Ulikuwa na miaka arobaini na mbili.
Maji hufuata mkondo, na hakuna aliyekupima.
Hakuna aliyekuuliza hata habari ya chai.

Thureya anauliza kama naye ateme.
Sijamjibu. Anaosha sahani,
navitazama vidole vyake vikipita katika povu,
vimenyooka.
Chai yangu ipo mezani, imefunikwa kisahani.
Bado dakika ishirini na tano.