Siku ya Themanini na Tisa

Ruwi, saa kumi na mbili asubuhi,
lami tayari inatema joto.
Shati nimelipiga pasi hadi kola inakata shingo.
Siku tisini za majaribio,
na kwa Bi Ghaniya, mkuu wa stoo,
nina neno moja tu: "Hadhir."
Katoni arobaini juu? Hadhir.
Hesabu upya? Hadhir.
Nyuma ya rafu ndipo ninaponong'ona kwa lugha ya nyumbani:
"Kwa bibi huyu, hata jiwe lingeomba likizo."

Leo kaniita.
Fomu mezani, kalamu wazi.
Kasaini bila kuinua uso,
kisha, kwa Kiswahili cha Kikwajuni, laini kama samli:
"Mwanangu, jiwe limepita.
Likizo, baada ya mwaka."