Mwiko

Fundi Msellem kala arubuni, kavuka Unguja,
simu yake inaita, inaita, halafu inakufa.
Nikasema basi.
Pesa zangu mwenyewe, za kuchambua karafuu pishi kwa pishi,
vidole vikanuka vikonyo mpaka Mfungo Sita.

Maboksi matano yalishuka bandarini Wete.
Vigae kumi na kimoja vimevunjika,
na mchukuzi bado ananicheka:
"Bi Time, hivi utavipika?"

Bimkubwa kachungulia dirishani.
Mwanamke kushika mwiko wa fundi, kasema, ni mwiko.
Nikamuonesha mkononi: mwiko.
Nikamuonesha kwenye sufuria ya wali: mwiko.
Hebu, shoga, nichagulie ule usioshikika.

Zege la meza nililimwagia maji usiku, linywe lishibe,
lisije likaninyonyea saruji.
Asubuhi mwanangu kashika ncha moja ya mpira,
mimi nyingine,
tukangoja maji yatulie.
Yalipotulia yakasema:
ukuta umeinama vidole viwili.
Ukuta wa baba yake. Sikutia neno.
"Usitikisike, Kombo," nikamwambia,
na Kombo, kwa jina hilo hilo,
ndiye aliyenishikia unyoofu.

Kati ya kigae na kigae, njiti za kiberiti.
Grainda ya kuazima, inalia kama mbuzi aliyeona kisu;
vumbi limenipaka nywele uzee wa siku moja.
Adhana ya alasiri imenikuta na nusu ndoo.
Saruji haisubiri mtu,
na Mola, namshukuru, hunisubiri.

Siku ya nne nikafuta kwa kitambaa kibichi.
Nikagonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua nazi sokoni.
Vyote viliitika vizuri, vizito.
Kimoja tu, pembeni, karibu na jiko,
kina sauti ya nyumba iliyohamwa.
Nikakigonga tena. Ndiyo hivyo.
Kukibandua nitavunja na wenzake.

Jioni Bimkubwa kaja, kapapasa ukingo,
kafumba jicho moja, kapima mstari hadi mwisho.
"Nani kakufanyia?"
Nikaendelea kukuna nazi.
Kapapasa tena, kisha kaomba chumvi kidogo,
yake imemwishia.
Nikamchotea kwenye karatasi.
Kopo sikulinyanyua.