Safu ya Nne

Daftari la kipimo lina safu tatu:
tarehe, saa, kina.
Miaka ishirini na mmoja nimesimama chini ya daraja la Sabaki,
asubuhi saa moja, jioni saa kumi na moja,
nikiusoma ubao uliochorwa namba kama rula ya mwanafunzi.
Nukta tisa. Moja nukta mbili.
Siku mvua ilipochachamaa bara, tano,
kisha ubao wenyewe ukapotea,
nami nikaandika: mto umekula kipimo.
Ofisini walinicheka. Andika namba, wakasema.

Mwaka ule mto ulimla Nzaro pia,
mwana wa ndugu yangu, miaka saba,
akimfuata mbuzi aliyekwea kichuguu.
Mbuzi tulimpata.
Kwa hiyo mtu akiniuliza bwawa lina faida gani
mimi huanzia hapo. Sianzi na umeme.

Ingawa umeme nao umekuja.
Thoya ana mashine ya barafu, samaki wake
wanafika Jumatatu na macho maangavu.
Kwa dada yangu, Maweni, bomba linatoa maji hata Januari.
Haluwa, mke wangu, anashona usiku.

Lakini sasa ubao unasema nukta nane.
Jana nukta nane. Juzi nukta nane.
Idi nukta nane, Krismasi nukta nane.
Sisomi mto tena, nasoma mkono wa mtu
aliyeketi huko juu mbele ya gurudumu la chuma,
hajui jina langu, wala mimi lake,
ila najua siku anapochelewa kuamka.

Na bahari, mbona imependeza hivi?
Zamani, masika, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa
hadi mbele ya hoteli,
mameneja wamekunja nyuso, wageni wananyanyua miguu.
Sasa ni buluu ya kwenye kadi.
Ile chai ilikuwa udongo wa bara,
ilikuwa mbolea ya bure ya mashamba yetu,
ilikuwa chakula cha kamba.
Mama Umazi alijaza ndoo kabla jua halijawa kali;
sasa anarudi na kikombe,
anakitazama, anacheka.
"Maji safi," ananiambia.
"Safi kama sahani ya maskini."

Wakwe zangu walikuwa huko juu.
Walilipwa, sitasema hawakulipwa:
mabati, ekari mbili za mawe, hundi yenye muhuri.
Baba mkwe alimwuliza afisa habari ya vigango vya wazee,
vinahesabiwa kama miti au kama watu?
Afisa akapekua fomu mbele na nyuma.
Hapakuwa na kisanduku.
Kigango hakihamishwi. Basi viko chini, vimesimama,
perege wanajisugua kwenye mabega yale,
na taa ikiwaka nyumbani
Haluwa huitazama kwanza
kabla hajatia uzi kwenye sindano.
Sijawahi kumwuliza anamwona nani.

Mwezi jana, jua linawaka, mbingu haina hata wingu,
maji yakaja.
Walifungua.
Tatu nukta sita, na ujumbe wa simu
ukafika saa nne baadaye, unatutakia tahadhari njema.
Mahindi yalilala. Hakufa mtu.
Niliandika namba.

Leo asubuhi, sijui kwa nini, nimechovya kidole, nikaramba.
Chumvi.
Hapa darajani, mbali na mawimbi, chumvi.
Bahari inapanda kwa ngazi
ambayo mto umeacha kuishukia kwa kishindo.

Nimefungua daftari. Halina mahali pa jambo hilo.
Nimelaza panga juu ya ukurasa,
nikapiga mstari kwa ubapa wake, umepinda kidogo.
Juu nimeandika: Ladha.
Chini yake: chumvi, si kali.

Saa kumi na moja nitaonja tena.