Kiti cha Plastiki

Miaka miwili nimeswali kitini,
kiti cheupe cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya,
na kila nikisujudu paji la uso liliishia hewani,
likiisalimia sakafu kwa mbali
kama jamaa mliyenuniana.

Daktari aliandika neno moja: mazoezi.
Mazoezi gani? Mie fundi cherehani.
Nikajaribu peke yangu, siku tatu.
Ya nne mvua, ya tano harusi Kikwajuni,
ya sita nikasema nitaanza Jumatatu,
na Jumatatu hazina idadi.

Ndipo akaja Mize Shaame,
mpwa wa jirani, mcheza netiboli wa zamani.
Hakuja na vyuma. Alikuja na daftari la skuli
akaandika: Bi Raya, goti la kulia,
na bei yake, bila ya kuona haya.

"Panda ngazi nikuone."
Nikapanda. Ngazi za Michenzani,
nilizozipanda miaka thelathini
nikidhani najua kupanda.
"Simama hapo. Goti unalitwika mzigo wa nyonga.
Nyonga imelala, Bi Raya. Iamshe."

Nani angeniambia?
Kioo changu kinaishia mabegani.
Wanangu hunitazama uso, wateja hunitazama mikono.
Hapana aliyewahi kutazama ninavyokwenda.

Kukaa na kuinuka, mara kumi. Nikamaliza kumi.
"Saba," akasema Mize.
"Tatu ulijisukuma kwa mkono."

Nilimchukia Alkhamisi nzima.
Ijumaa nilikuwa mlangoni kabla hajabisha,
wala si kwa ushujaa:
nilijua kuna mtu katoka Daraja Bovu kwa miguu, bado kiza,
kwa ajili ya goti langu.

Maji yalipokatika, ndoo ikawa chuma chetu,
nusu kwanza, baadaye pomoni.
"Pumua. Usiibane pumzi kama siri ya mtu."
Ghorofa ya nne wakacheka varandani.
Bi Time alicheka mpaka akashuka
kuuliza bei.

Ilikuwa adhuhuri moja ya Shaaban. Sikupanga.
Nilirukuu, nikaitidali,
kiti kiko nyuma yangu kinanisubiri,
goti likauliza, nyonga ikajibu,
nikateremka, pole pole, kama ngazi ya mwisho gizani,
hata ukili wa mkeka ukanigusa paji la uso.

Sikuinuka haraka.

Mize alipokuja sikumwambia kitu.
Aliziona alama za ukili juu ya nyusi zangu,
akafungua daftari, akaandika, akalifunga.
"Lete kile kiti."
Nikakileta.
Akakikalia yeye, mara ya kwanza tangu tujuane,
akanyoosha miguu.
"Haya. Kumi.
Na nahesabu mimi."