Shamba Ni Lake

Darasa la tano, Arua. Mwalimu Candiru
alichora jedwali kwa chaki iliyolowa mvua:
mine, yours, his, hers.
Tukakariri hadi mbuzi wa jirani wakageuka.
Adriko akauliza, mbona "mine" haibadiliki?
Kiti ni changu, jembe langu, ng'ombe wangu,
neno huvaa sare ya kitu.
Mwalimu akasema: Mwingereza haangalii kitu.
Anamwangalia mtu.

Akaongeza, sauti imeshuka,
kwamba neno hilohilo ni mgodi,
na neno hilohilo ndilo lililofukiwa barabara ya Koboko
likamwachia babake Adriko mguu mmoja.
Tuliandika maana zote tatu.
Adriko hakuandika.

Leo mimi ni mkalimani wa mahakama,
nalipwa kwa siku, benchi langu halina mgongo.
Onzima anadai shamba la marehemu kaka yake.
Ayikoru, mjane, ameleta hati:
karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nane,
Kiswahili cha sajini fulani wa kambini,
muhuri umefifia kama chai ya majani yaliyorudiwa.

*Leo wamefika mbele yangu Drani na mkewe Ayikoru.
Pesa zimehesabiwa. Shamba ni lake.*

Soma kwa Kiingereza, akasema hakimu.

Nikasoma vizuri hadi kwenye pesa.
Kisha ulimi ukafika kwenye daraja lililobomoka.
Lake nani?
Kiswahili hakikuuliza. Kililitazama shamba, kikalifuata,
kikawaacha mume na mke ndani ya neno moja
kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja.
Kiingereza kinataka nimsukume mmoja mvuani.

His, akanong'ona wakili wa Onzima,
kana kwamba ananisaidia kukumbuka.

Mheshimiwa, nikasema, hapa haikuandikwa.
Hakimu akavua miwani:
mkalimani halipwi kwa kutojua.
Feni ikazunguka. Karani akachonga penseli
ambayo tayari ilikuwa imechongoka.
Kesi ikaahirishwa hadi Novemba.

Nje, kwenye korido, Ayikoru akanishika mkono wa shati.
Hilo neno langu, likoje?
Nikaliandika kwenye vumbi la dirisha: hers.
Na la Drani?
Nikaandika chini yake: his.
Hajasoma, lakini kuhesabu anajua,
miaka yote hiyo ya kupima ufuta sokoni kwa kikombe.
Kidole kikapita. Nne. Tatu.
"Kumbe nimemzidi moja," akasema,
akacheka hadi askari wa mlangoni akageuka,
halafu kicheko kikakatika katikati,
maana Drani ndiye angekipenda zaidi.

Akayafuta yote mawili kwa kiganja,
lake na lake,
akajipangusa kwenye kitenge,
akapanda bodaboda kurudi Vurra.
Kuna magugu.
Na ufuta hauahirishwi.